Hagenbach alikuwa na hatia, ila mahakama nayo ilikuwa na lake

Wanaosoma sheria za kimataifa hukutana na Peter von Hagenbach katika aya moja: liwali katili wa karne ya 15, alishtakiwa mjini Breisach, kando ya mto Rhine, mwaka 1474, akajitetea kwamba alitii amri ya bwana wake, akakatwa kichwa. Halafu aya inarukia Nuremberg, kwenye kesi za viongozi wa Nazi baada ya Vita Vikuu vya Pili. Aya hiyo inanikera. Uongo haina, lakini imeacha fedha nje, na kisa chote kilianzia kwenye fedha.

Hagenbach alikuwa kabaila wa Alsace, eneo ambalo leo liko mashariki mwa Ufaransa, Mjerumani wa lugha, aliyepanda cheo kwa kumtumikia Charles, mtawala wa Burgundy. Tarehe 9 Mei 1469, Sigismund wa Austria, aliyekuwa amekaukiwa mfukoni, alisaini mkataba huko Saint-Omer na kuweka rehani ardhi zake za Alsace ya Juu kwa Charles, kwa florini 50,000, sarafu za dhahabu za wakati huo. Wenyeji hawakuulizwa neno. Miji mizima ilikabidhiwa kwa mkopeshaji kama shamba la mdaiwa, na Hagenbach akatumwa kuisimamia.

Mkopeshaji naye alitaka faida. Ndipo ikaja kodi ya divai, ambayo watu waliibandika jina la “senti mbaya”. Ukitaka kuwachokoza watu wa Alsace, gusa divai yao. Mji wa Thann uligoma mwaka 1473. Hagenbach akaingia na askari, akawaua baadhi ya wakuu wa mji bila kesi. Breisach nako alijaza askari wa kukodiwa, akatoza kodi kinyume cha kiapo alichokula, na tuhuma za ubakaji zikamwandama yeye na watu wake. Simtetei hata kidogo.

Lakini tazama jinsi alivyoangushwa. Machi 1474 Sigismund alipatana na Waswisi, maadui wake wa siku nyingi, na miji kama Strasbourg na Basel ikamchangia fedha za kukomboa rehani. Charles akakataa kuzipokea. Siku za Pasaka askari wa Breisach, ambao hawakuwa wamelipwa, wakaungana na wenyeji wakamkamata liwali. Kabla ya kesi aliteswa ili akiri.

Kesi ilisikilizwa tarehe 9 Mei 1474, miaka mitano kamili tangu mkataba wa Saint-Omer. Waamuzi walikuwa 28, wote kutoka miji ya muungano uliompinga. Wanane kati yao ni wa Breisach penyewe. Yaani mlalamikaji alikalia kiti cha hakimu. Mtetezi wa Hagenbach alisema kwamba mtumishi hana ruhusa ya kuhoji amri ya bwana wake, akaomba kesi isogezwe ili Charles mwenyewe aulizwe kama kweli aliamuru. Ombi likatupwa. Akavuliwa hadhi yake ya kikabaila, na jioni ileile akakatwa kichwa.

Kwangu mimi ombi lile ndilo kiini cha kesi. Charles angeulizwa, angelazimika ama kumkana mtumishi wake au kukubali kwamba mkono ulikuwa wake. Lakini miji haikuwa na haja ya jibu. Ilitaka liwali aondoke na rehani ife.

Huku kwetu tunayo ya kulinganisha. Mahakama ya Arusha iliyoshughulikia mauaji ya kimbari ya Rwanda ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, meya wa Taba, Septemba 1998, na ubakaji ukahesabiwa humo kuwa sehemu ya mauaji ya kimbari. Naye alikuwa mtawala wa eneo. Sheria ya mahakama ile ilisema wazi kwamba amri ya mkubwa haimfutii mtu kosa, ingawa inaweza kumpunguzia adhabu. Na haikuishia kwa wameya: Jean Kambanda, aliyekuwa waziri mkuu, alihukumiwa kifungo cha maisha mwezi huohuo.

Breisach hakuna aliyemgusa Charles kwa sheria. Agosti mwaka uleule, Stephan, nduguye Hagenbach, aliongoza jeshi kuteketeza vijiji vya Sundgau, kusini mwa Alsace, kulipa kisasi, na waliounguliwa ni wakulima walewale waliolipishwa senti mbaya. Charles aliendelea kupigana hadi alipouawa vitani Nancy, Januari 1477.