Apdeti imehamisha batani, fundi wangu akanipigia simu

Jumatano iliyopita saa mbili kasoro asubuhi niko zangu mezani na chai ya rangi na kiporo cha maharage, nikafungua laptopu nimalizie posti niliyoianza usiku. Posti yenyewe ilikuwa ya fundi aliyeniwekea tailizi jikoni, mambo ya kawaida tu, vile alivyoniambia siku tatu zikawa wiki tatu. Nikaongeza aya moja, mtoto akaniita nimfunge zipu ya begi la shule, nikasema ngoja nihifadhi kwanza, mkono ukaenda wenyewe pale kona ya chini kulia unakoenda kila siku kwa miaka kama minne hivi, nikabonyeza, nikanyanyuka.

Nimerudi baada ya dakika ishirini simu inaita. Fundi.

"Bosi habari za asubuhi. Nimeletewa kitu hapa na wife. Hilo neno umeshalipata?"

Neno gani tena? Akanisomea. Kichwa cha posti: KICHWA BAADAE. Ndani kule katikati, kwa mkono wangu mwenyewe: "fundi ni mtu mzuri ila ni (tafuta neno la kistaarabu la mwongo)". Chini yake: HAPA WEKA PICHA YA TAILIZI ILIYOPINDA. Blogu yangu ikipandisha posti inajirusha yenyewe kwenye ukurasa wa Facebook na waliojiandikisha wanapelekewa imeili, kwa hiyo hata nilivyokimbia kuifuta ilikuwa imeshafika kila mahali, na mke wa fundi kumbe ni msomaji wangu mzuri sana, sikuwahi kujua.

Kilichotokea ni apdeti. Usiku nimelala ekstensheni ninayoandikia ilijiapdeti yenyewe, na walioitengeneza wakaona batani ya kuhifadhi haina kazi tena maana siku hizi kila kitu kinajihifadhi chenyewe, wakaitoa, na pale pale ilipokuwa wakaweka batani ya kuchapisha, kubwa, ya bluu. Nikaenda kutafuta maelezo ya toleo jipya wameandika nini. Mstari mmoja. Maboresho madogo ya muonekano na kurekebisha hitilafu. Madogo! Sitaitaja jina kwa sababu jamaa hawa sio wabaya na mwishoni mtaona walinijibu, ila jambo lenyewe limenikaa rohoni ndo maana naandika leo.

Kwa asiyejua nazungumzia nini: ni kile kidude unachokiweka kwenye brauza yako, Chrome au Firefox, unaandika posti hapo hapo bila kuingia kwenye dashibodi ya blogu, ukimaliza inapeleka yenyewe. Wengi mtaniuliza kwa nini usiandike tu kwenye WordPress, mtambo wenyewe wa blogu, moja kwa moja kama watu wengine. Jibu langu ni umeme na bando. Dashibodi ikifunguka inavuta mafaili kibao kabla hujaandika herufi moja, mtandao ukikata katikati inaanza kuzunguka, na ukiwa na bahati mbaya ukibonyeza kurudi nyuma umeenda na maji. Ekstensheni inakaa kwenye mashine yako, unaandika hata kama modemu haina kitu, bando unalitumia dakika moja tu wakati wa kutuma.

Mimi hivi vitu nimevianza zamani. Kulikuwa na ScribeFire, wakongwe wataikumbuka, mwanzoni iliitwa Performancing for Firefox halafu 2007 ikabadilishwa jina. Ulikuwa unabonyeza F8, nusu ya chini ya brauza inageuka ukurasa wa kuandikia na juu umebaki na ukurasa unaousoma, unasoma habari huku unaijibu, kitu rahisi hivyo na mpaka leo sijaona aliyekifanya vizuri zaidi. Nilikuwa naandikia internet kafe, unalipia nusu saa, jicho moja kwenye kile kisaa cha kona na jingine kwenye sentensi. Ile ilikuwa ni miaka ambayo blogu za Kiswahili ndo zimepamba moto, Ndesanjo Macha alishafungua njia na blogu yake Jikomboe, Michuzi naye anashusha mapicha kila siku, ukiwa na blogu unajiona mtu.

Sasa angalia hizi ekstensheni zilivyokufa ndo utaelewa hofu yangu ya apdeti. Sio kwamba watu waliacha kuzipenda. Novemba 2017 Firefox ilitoa toleo la 57, likawa jepesi kweli kweli, lakini ekstensheni zote zilizoandikwa kwa mtindo wa zamani zikazimwa siku hiyo hiyo, na mtengenezaji ambaye hakuwa na muda wa kuandika upya kazi yake imeishia hapo. Chrome nao wamekuja kufanya ya kwao na ile Manifest V3, kanuni mpya za namna ekstensheni zinavyoandikwa, zile za zamani wamezizima taratibu 2024 na 2025. Yaani wewe mwandishi umekaa zako Mbagala hujagusa kitu, hujakosea kitu, unaamka asubuhi kale ka-ikoni kamekuwa ka kijivu.

Na upande wa pili, wa blogu yenyewe, mlango nao unabadilishwa. Ekstensheni za zamani zilipitia mlango unaoitwa XML-RPC, unaipa ekstensheni yuzaneimu na paswedi yako ile ile kubwa inaenda kuchapisha. WordPress waliuacha wazi kwa wote kuanzia toleo la 3.5 mwaka 2012, wezi nao wakaupenda maana unaweza kukaa hapo unabahatisha mapaswedi, kwa hiyo watu wa hosting, wale wanaokuwekea blogu mtandaoni, wengi wameufunga kimya kimya, na wewe unabaki unashangaa mbona inakataa na paswedi ni sahihi. Tangu toleo la 5.6, Desemba 2020, kuna kitu kizuri kinaitwa paswedi ya programu, unatengeneza paswedi ya pembeni kwa ajili ya hiyo ekstensheni peke yake, ukiichoka unaifuta na paswedi yako kubwa iko salama. Hiyo ndo apdeti! Ekstensheni yangu ilivyoleta hiyo nilifurahi kama mtoto, na hakuna hata kitu kimoja kilichohama mezani kwangu.

Ndo maana nasema kazi ya hiki kidude ni moja, kutunza drafti yangu, yaani posti ambayo haijaiva, mpaka mimi mwenyewe niseme nenda. Mengine yote, rangi, fonti, hali ya giza, ni mapambo, karibuni mnapamba lakini msiguse hapo.

Hapo kwenye kutunza kuna jambo watu wengi hawalijui na limeshaliza watu. Drafti za ekstensheni nyingi haziko kwenye blogu yako, ziko kwenye kastoo ka ekstensheni yenyewe ndani ya brauza. Ukifuta historia ya brauza kwa kawaida hako kastoo hakaguswi, sawa, lakini ukiitoa ekstensheni, kale kastoo kanaondoka nayo. Na sisi wabongo dawa yetu ya kwanza kitu kikileta shida ni nini? Toa, weka upya. Rafiki yangu mmoja alifanya hivyo, ekstensheni ilikuwa inagoma kutuma picha, akaitoa akairudisha, picha zikakubali kweli, drafti kumi na nne hazikuonekana tena. Kumi na nne. Alikuwa anaandika safari za meli za babu yake, alikuwa anaokota kipande kimoja kimoja kila babu akiwa na hali nzuri ya kuongea. Nilimuuliza mbona hukuwa na kopi, akaniangalia tu.

Sasa kama ninyi watengenezaji mnanisoma, hicho ndo kitu nataka kwenye apdeti. Batani ya kutoa drafti zote kwa mkupuo ziwe faili la kawaida la maandishi niliweke kwenye folda yangu, nikitaka nisome hata kwa Notepad. Sijawahi kuona mtu anaitangaza kwa mbwembwe, lakini hiyo AI wameiweka mpaka kwenye sehemu ya kuchagua kategori.

Ngoja niseme kidogo hiyo AI. Apdeti ya kabla ya hii ilileta kabatani ka kuboresha maandishi. Nikajaribu. Nilikuwa nimeandika "nimechoka mbaya", ikanirekebishia "nimechoka vibaya", ambayo shuleni sawa utapata vema, lakini mtu wa Temeke hajawahi kuchoka vibaya hata siku moja, anachoka mbaya. Na kabla ya hapo kulikuwa na ile ya kusahihisha tahajia isiyojua Kiswahili kabisa, ukurasa mzima mistari myekundu kama umepigwa mijeledi, ukizubaa "sana" inakuwa "sauna". Kuizima ni lazima uende kwenye mipangilio, na kila apdeti inapoingia inajiwasha tena yenyewe, sijui kwa nini, labda wanadhani tulisahau.

Kuna wenzangu wataniambia basi kaka zima apdeti. Kwenye Firefox inawezekana, unaenda kwenye orodha ya nyongeza, unagusa ekstensheni moja moja unaiambia usijiapdeti mpaka nikwambie. Chrome hawakupi swichi hiyo, yenyewe inachungulia kila baada ya masaa machache ikikuta toleo jipya inalivuta, wewe utakuja kuliona likiwa ndani. Ila na mimi siwezi kusema zimeni tu zote, ningekuwa nadanganya, maana apdeti nyingine ndo zinaziba matundu ya usalama na ekstensheni ya kublogu imeshika funguo za nyumba yako. Anayeweza kuchapisha kwa jina lako anaweza pia kuchapisha tangazo la kamari kwa jina lako.

Na kinyume chake pia kipo, apdeti yenyewe ikawa ndo mwizi. Kuna ekstensheni ilikuwa maarufu sana, The Great Suspender, kazi yake kulaza tabo za brauza usizozitumia laptopu ipumue. Mwenyewe akaiuza 2020, mnunuzi hajulikani, apdeti zikaanza kuja na mambo ya ajabu, Februari 2021 Google wakaitoa dukani wakasema ina programu hasidi. Watu walikuwa hawajafanya kosa lolote, waliiweka ikiwa nzuri. Kitu kimoja kizuri ni kwamba apdeti ikitaka ruhusa mpya za kuingia kwenye mambo yako Chrome inaizima kwanza mpaka ukubali, kwa hiyo siku ukiona hicho kiboksi usikibonyeze kama unavyobonyeza vya kukubali kuki. Soma. Kama ekstensheni ya kuandikia posti inaanza kuomba kusoma na kubadili data zako kwenye tovuti zote, muulize kwanza anaenda kufanya nini kwenye ukurasa wako wa benki.

Sasa nirudi kwa fundi. Nilimwomba radhi, akacheka, akasema bosi mimi sina shida ila ile tailizi haijapinda, ukuta ndo umepinda. Tukabishana hapo kwenye simu kama dakika kumi. Jumamosi akaja na pima maji yake akaiweka ukutani mbele yangu, kile kipovu kikasogea pembeni kabisa, kweli ukuta umepinda. Kwa hiyo hata ile sehemu ya posti niliyokuwa na uhakika nayo ilikuwa ya uongo, na ingekaa kwenye drafti siku tatu zaidi ningeirekebisha bila mtu kujua. Drafti kazi yake ndo hiyo, ni mahali pa kuwa mjinga kwa siri.

Watengenezaji niliwaandikia imeili siku hiyo hiyo nikiwa na hasira bado. Siku ya pili wakajibu, kiungwana tu, wakasema wamepata malalamiko kama yangu na toleo linalofuata litakuwa na kiboksi cha kuuliza kabla ya kuchapisha.

Leo asubuhi limeingia. Nimefungua, nikaandika neno moja la kujaribia, nikabonyeza ile ya bluu. Kiboksi kikatokea kweli: una uhakika unataka kuchapisha? Na chini yake kuna kamstari kadogo kamesema "usiniulize tena", kameshatikiwa tayari.