Hiyo 9 ya kutokea nje

Jamani mafundi wa simu za maofisini, 9 ya kutokea nje, ile mtu anayoibonyeza kwanza ili apate laini ya nje, ifuteni kwenye mtambo kabla namba haijaingia kwenye laini! Na mfute tarakimu moja tu. Mkifuta mbili, sifuri nayo inaondoka: 024 yetu ya mezani, Unguja na Pemba, inatoka 24, simu haiendi, lawama anabebeshwa karani. Kanuni ya kupiga nje iseme 9, kisha 0, kisha tarakimu tisa. Mkiiacha wazi, bila ya kutaja idadi ya tarakimu, mtambo unangoja sekunde kadhaa kama namba inaendelea. Mtu anasikia kimya, keshakata. Namba za ndani zisianze na 9. Na 112, namba ya dharura, ipite bila ya 9, tafadhalini! Mtu kaanguka ukumbini, nani atakumbuka tisa?