Makato ya Nje, Nami Nilikuwa Ndani

Nikiri mapema kwamba mimi ni mtu wa mkono wa birika, na sijawahi kuona haya kwa hilo. Wengine wanapopanga safari ya meli ya kitalii hutazama picha za mabwawa ya kuogelea na kumbi za muziki. Mimi hutazama safu ya mwisho upande wa kulia, ile yenye tarakimu. Kwa wiki tatu nilikuwa nikilinganisha bei kwa kikokotoo na daftari la mistari, hata mke wangu akawa kila anapokwenda kulala ananiambia, "Mzee, nisalimie kikokotoo." Hatimaye nikapata safari ya siku saba kwa watu wawili, yenye thamani ya dola 2,400, na bei ilikuwa nzuri kwa sababu moja tu: chumba chetu hakikuwa na dirisha.

Mke wangu alitaka dirisha. Chumba chenye dirisha kilizidi kwa dola 200, nami nilimweleza kwa utulivu, huku nikimchorea hesabu, kwamba hakuna mtu mwenye akili timamu anayelipa dola 200 ili atazame maji kupitia kioo, ilhali akipanda ngazi mbili tatu atayatazama bure kutoka kwenye sitaha, tena bila kioo. Alinitazama kidogo, akasema, "Haya." Kila aliyekaa katika ndoa zaidi ya miaka mitano anaijua hiyo "haya", na anajua kwamba haina uhusiano wowote na kukubali.

Nililipa jioni ya Jumapili, mvua ikinyesha, nikiwa nimeketi sebuleni kwa fulana na ndala. Tovuti ya kampuni ile ilinionyesha bei kwa sarafu yetu wenyewe, jambo ambalo lilinipa imani kubwa, kwa kuwa niliona nashughulika na watu wanaotujua. Niliingiza tarakimu 16 za kadi, nikazihakiki kwa kidole moja baada ya nyingine, nikaweka zile tatu za nyuma, nikabonyeza. Simu ikalia: malipo yamekamilika. Nikiwa bado natabasamu, ikalia tena. Ujumbe huu wa pili ulisema nimekatwa kiasi ambacho nilipokipigia hesabu kilikuwa sawa na dola 72, na maelezo yake yalikuwa maneno matano: "Ada ya muamala wa nje."

Niliinua macho, nikaitazama mvua. Nje? Siku ile sikutoka nje hata kuanua nguo.

Asubuhi niliipigia benki simu, na baada ya muziki mrefu akapokea binti mwenye sauti ya upole.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, binti. Kuna kosa kwenye akaunti yangu. Nimekatwa ada ya nje, nami jana sikutoka nje. Mvua ilinyesha kutwa. Nilikuwa sebuleni, na mke wangu ni shahidi."

Kimya kikapita. Nadhani alikuwa amekiondoa kipaza sauti mdomoni.

"Mzee wangu, siyo nje ya nyumba. Ni nje ya nchi."

"Nchi ndiyo kabisa sijatoka tangu mwaka juzi."

"Wewe hukutoka, mzee wangu. Fedha ndizo zilizotoka."

Akanieleza, na kusema kweli alieleza vizuri, ila mimi ndiye niliyesikia nusu. Alisema kwamba benki yangu haiangalii bei imeandikwa kwa sarafu gani, bali inaangalia akaunti inayopokea malipo iko nchi gani. Kampuni ile ilikuwa inapokelea fedha zake ng'ambo, kwa hiyo hata kama ingeniandikia bei kwa sarafu yangu, kwa lugha yangu, na kwa mwandiko wa mama yangu mzazi, muamala ungebaki kuwa wa nje. Ada ilikuwa asilimia 3 ya malipo yote. Sehemu yake huenda kwa mtandao wa kadi, yaani wale wenye alama iliyochapwa kwenye kona ya kadi, na sehemu iliyobaki huchukuliwa na benki yenyewe. Mwishoni akasema, "Zipo kadi zisizokatwa ada hiyo, mzee wangu. Ungependa nikuombee?"

Nikamjibu, "Binti, nimepiga simu kulalamika, usiniuzie." Nikakata simu nikiwa nimeridhika kabisa kwamba mtego nimeuona na nimeuruka.

Hapo ndipo akili yangu ilipoanza kufanya kazi, na huwa ni saa ya hatari. Niliwaza hivi: kama tatizo ni kuwalipa wageni kwa sarafu ya nyumbani, basi dawa yake ni kuwalipa wageni kwa sarafu ya wageni. Masharti yaliruhusu kufuta malipo bila adhabu ndani ya saa 24, na zilikuwa zimebaki saa nane. Mke wangu, ambaye alikuwa akikunja nguo, akasema tu, "Si uwaulize benki kwanza?" Nikamkumbusha kwamba nimetoka kuongea nao muda si mrefu. Nikafuta, nikarudi mwanzo, nikachagua dola kwenye orodha ya sarafu, nikalipa upya dola 2,400 kwa mkono usiotetemeka.

Simu ikalia mara mbili.

Kwa mara ya pili nilikuwa nimekatwa asilimia 3, kwa kuwa akaunti ya kupokelea ilikuwa ileile, ng'ambo ileile, na sasa benki yangu ilikuwa imefanya na kazi ya kubadilisha fedha juu yake. Niliruka majivu nikakanyaga moto. Nikajifariji kwamba malipo ya kwanza yakirudi, ada ya kwanza itarudi nayo kama ndama anavyomfuata mama yake. Malipo yalirudi baada ya siku tisa, na siku zote hizo fedha zangu zilikuwa ng'ambo mara mbili, nami nikiomba nauli kwa mke wangu kila asubuhi. Ndama hakuonekana. Benki ilinieleza kwamba ada ile ilikuwa ya kuupitisha muamala, na muamala ulipita. Kwamba baadaye niliufuta, hayo yalikuwa mambo yangu na kampuni ya meli.

Siku ya safari ilipofika, tukasimama gatini kuitazama meli yetu, nyeupe na ndefu kama mtaa mzima uliolazwa majini. Nyuma kabisa, chini ya jina lake, palichorwa neno NASSAU kwa herufi kubwa. Mke wangu akauliza kama tunakwenda Nassau. Nikamweleza kwamba Nassau ni bandari ya Bahamas, na kwamba meli nyingi za kitalii husajiliwa katika nchi kama Bahamas, Panama, Bermuda au Malta, hata kama hazipiti huko, na ndiyo maana jina la bandari ya usajili huandikwa nyuma.

"Kwa hiyo meli yenyewe ni ya nje," akasema.

Sikujibu. Kulikuwa na foleni.

Chumba kilikuwa kama nilivyokichagua. Mlango ukifungwa na taa ikizimwa, lilikuwa giza lisilojua saa. Siku ya kwanza tuliamka saa kumi usiku tukaoga na kuvaa tayari kwa kifungua kinywa, na siku ya pili tukaamka saa sita mchana tukidhani ni alfajiri. Siku ya tatu mke wangu aligundua kwamba televisheni ilikuwa na chaneli iliyoonyesha picha kutoka kamera ya mbele ya meli: bahari, mstari wa upeo wa macho, na ncha ya meli ikipanda na kushuka. Hakukuwa na sauti wala mtangazaji. Nilitoka kuoga nikamkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono juu ya magoti, anaitazama bahari kwenye televisheni.

"Inapendeza," akasema, bila kugeuka.

Ndani ya meli hakukuwa na fedha taslimu. Siku ya kupanda walichukua taarifa za kadi yangu, kisha kila kilichonunuliwa, pamoja na bahashishi ya wahudumu iliyoongezwa kila siku, kikaandikwa kwenye akaunti ya chumba. Wakati huohuo walizuia kiasi fulani kwenye kadi kama dhamana, nami nikashuka mapokezi mbio kuwaambia nimeibiwa. Kijana wa mapokezi akanieleza kwamba kuzuiwa siyo kukatwa, na kwamba mbele yangu walikuwa wameshakuja wazee wanne na neno hilohilo. Nilimpenda kwa kuniambia hivyo.

Usiku wa mwisho nilikwenda kufunga hesabu. Deni lilikuwa dola 300 kamili, nami nilikuwa nimejiandaa. Kijana akanisogezea mashine ya kadi, na kwenye kioo chake kidogo likatokea swali: je, ningependa kulipa kwa dola, au kwa sarafu ya nyumbani kwangu? Sarafu ya nyumbani! Ilikuwa imeandikwa jina lake kamili, na kando yake kiasi kilichokwisha kubadilishwa, na katikati ya bahari ile nilijihisi nimekutana na ndugu. Nilijiambia kwamba nikilipa kwa sarafu yangu, benki yangu haitakuwa na cha kubadilisha, na isipokuwa na cha kubadilisha haitakuwa na cha kukata. Nilikuwa nimeshasahau somo la yule binti, nusu ile niliyoisikia pamoja na nusu ile ambayo sikuisikia. Nikabonyeza sarafu ya nyumbani, nikaweka namba ya siri, nikapokea risiti kwa mikono miwili.

Risiti ilikuwa na maandishi madogo kama mayai ya chawa. Niliisogeza kwenye taa ya mapokezi, nikaisogeza mbali, nikaazima miwani ya mzee aliyekuwa nyuma yangu. Ilisema kwamba kiwango cha kubadilisha fedha kilichotumika kina nyongeza ya asilimia 5, na kwamba mteja amepewa nafasi ya kuchagua na amechagua kwa hiari yake. Kwa hiyo badala ya dola 300 nilikuwa nimelipa thamani ya dola 315. Nikiwa bado nimeishika miwani ya mwenyewe, simu ikalia. Ada ya muamala wa nje: thamani ya dola 9.45. Asilimia 3, tena siyo ya 300, bali ya 315. Walikuwa wamenikata ada juu ya nyongeza.

Damu ikanipanda. Nilitoka hadi kwenye sitaha nikaipigia benki palepale. Nilikuwa nimeona kwamba simu ilikuwa imeshika mtandao wenye jina la ajabu, lakini mtu mwenye hasira hasomi majina. Na bahati ilivyo, akapokea binti yuleyule.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Safari hii niko nje kweli, binti. Niko nje ya nyumba, nje ya nchi, na hata chumba chenyewe nimetoka. Lakini nimelipa kwa sarafu ya nyumbani!"

Akanieleza, polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu, kwamba ninapokubali kulipa kwa sarafu yangu kwenye mashine ya ng'ambo, mwenye mashine ndiye anayebadilisha fedha kwa kiwango anachokitaka yeye na kujiongezea chake, wakati benki nayo bado inauona muamala kuwa wa nje, kwa kuwa mpokeaji hajahama. Ningechagua dola, ningekatwa ile asilimia 3 peke yake. Niliuliza maswali mengi. Nilirudia mengine. Nilimhadithia habari za kikokotoo, za mvua na za ndama. Alinisikiliza hadi mwisho, na kwa hisani ya benki, akasema, angenirudishia ile dola 9.45.

Nilirudi chumbani kama jemadari. Mke wangu alikuwa ameshalala, na kwenye televisheni bahari ilikuwa nyeusi tii.

Bili ya simu ilifika wiki mbili baadaye. Ule mtandao wenye jina la ajabu ulikuwa mtandao wa meli, unaopitia setilaiti, nami nilikuwa nimeongea dakika 11 kwa dola 6 kila dakika. Nilitumia dola 66 kuikomboa 9.45.

Nikafungua daftari la mistari na kuandika yote kwa mpangilio, maana hesabu mbaya nayo ni hesabu: 72 za kwanza, 72 za pili, 15 za nyongeza ya mashine, 66 za simu. Ile 9.45 sikuiandika, kwa kuwa ilirudi kweli. Jumla ikawa dola 225. Nilipiga mstari chini yake, nikainuka kwenda kunywa maji.

Niliporudi, mke wangu alikuwa amesimama mezani na penseli mkononi. Chini ya mstari wangu alikuwa ameandika, kwa mwandiko wake wa kulalia upande: "Dirisha, 200. Chenji, 25."

Akafumbua kiganja mbele yangu.

"Taslimu, Mzee," akasema. "Kwa kadi sipokei."