Flamingo Ishirini na Tatu Chini ya Kitanda

Mimi ni mchoraji. Nikilisema hilo mtaani, mtu huniuliza kama naweza kumwandikia "Kinyozi" ukutani. Naweza. Ndiyo kazi inayonilisha: kinyozi, bucha, posho mill, na "Usikojoe Hapa, Faini 500". Hiyo ya mwisho nimeiandika kwenye kuta nyingi sana za Bondeni, hivi kwamba nikibanwa njiani naanza kuogopa mwandiko wangu mwenyewe.

Usiku ndio wangu. Namimina rangi zilizobaki kwenye mikebe ya mabango, nanyoosha kipande cha merikani kwenye vibao alivyotupa seremala, napaka rangi nyeupe ya ukuta kwanza ili kitambaa kisininywee rangi ya maana, halafu nachora flamingo. Vitabuni wanaitwa heroe. Nimezaliwa Nakuru na sijasikia hata siku moja mtu akisema twende tukaone heroe.

Picha zimefika 23, zote chini ya kitanda. Kitanda chenyewe nimekiinua kwa matofali, mpaka Mama Njeri sasa anapanda kulala kama anayepanda lori. Wiki jana aliniita kwa ile sauti ya pole anayoitumia akiwa amekwisha kuamua.

"Baba Njeri, nimechoka kulala juu ya ziwa. Uza au ugawe. Mwisho wa mwezi gunia la mahindi linaingia hapo chini."

Haya. Uza au ugawe.

Jumamosi nikabeba picha sita nikazipanga kando ya Kenyatta Avenue. Mteja wa kwanza akasimama, akainama, akatazama kwa makini nikaona nimepata.

"Hawa si walihama?"

Ni kweli, wengi walihama. Ziwa Nakuru lilifura likafuata watu majumbani, maji ya magadi yakazimuliwa, ule mwani wanaokula ukapungua, ndege wakajiendea Ziwa Bogoria. Lakini mimi nimehusika wapi? Jamaa akataka nimpunguzie bei eti namuuzia picha ya wapangaji waliohama.

Wa pili alikuwa mbaya zaidi kwa sababu alijua hesabu. Nilimwambia 3,000. Akaigeuza picha akatazama mgongo, kama mtu anayenunua suruali ya mtumba.

"Merikani mita moja hii. Mbao ni mabaki. Rangi hii naijua, ni ile ya ile bucha pale kona. Fundi, hii ni 400, na hapo nimekuonea huruma."

"Na mkono wangu je?"

Akautazama mkono wangu. "Huo si unarudi nao nyumbani?"

Nilirudi nao nyumbani. Pamoja na picha sita na kiu. Tangu tupewe cheo cha jiji mwezi Desemba 2021, Nakuru kila kitu kimepanda bei, hata choo cha stendi. Mchoro tu ndio umebaki kwenye mji mdogo.

Basi nigawe. Mtu asidhani sijajaribu. Nina mchoro London. Hebu ngoja, usinipongeze bado: London yetu hii, chini ya Menengai, kwa shemeji yangu. (Hilo nililitumia mwaka mzima. "Kazi zangu ziko London," nawaambia watu, halafu nakohoa kidogo nisiulizwe swali la pili.) Nilimpelekea picha kubwa kuliko zote, machweo, flamingo kama arobaini, nilikesha nayo usiku tisa. Shemeji alishukuru mpaka nikaona haya. Alinichinjia kuku.

Mwezi wa pili nikapita kumsalimia. Ukutani hakuna. Nikajua labda iko chumbani, watu huficha vitu vya thamani. Nikaomba maji ya kunawa. Shemeji akatoka nje, akafunua pipa. Nikatazama kifuniko. Flamingo wangu walikuwa wamelala chali, wametazama mbinguni, juu yao kata ya kuchotea na kipande cha sabuni ya mche. Wawili walikuwa wamekwisha kubanduka miguu.

"Shemeji, hii mbao yako ni imara," akaniambia. "Paka hawezi kuisukuma."

Ningesema nini? Kitu cha bure hakina risiti, na bila risiti huwezi kurudi kugomba. Nikanawa.

Halafu kuna kanisa. Tulikuwa na harambee ya mabati, nikatoa picha ipigwe mnada, nikijiambia kwamba hapo si kuuza si kugawa, nimepita katikati kama mjanja. Kuku jogoo akaanza. Jogoo akaenda 3,500, tena miguu imefungwa. Ikaja sufuria, ikaja malenge. Malenge 900! Ikaja picha yangu. Mwenye kunadi akaishika kichwa chini. Ndege wakaning'inia kama nyama. Kimya. Mzee mmoja akaitoa aibu kwa 600, halafu kama ilivyo desturi akasema, "Nimeirudisha, iuzwe tena." Ikauzwa 300. Huyo naye akairudisha. Nikamwona wa tatu akinyosha mkono na midomo yake tayari inatamka "nimeirudisha", nikatoka nje kutazama gari ambalo sina.

Mpwa wangu aliye chuo akajaribu kunifariji. Eti Vincent van Gogh naye aliuza kwa tabu. Ile picha yake ya shamba la mizabibu ilinunuliwa faranga 400 mwaka 1890, mwaka uleule aliofariki, na mnunuzi alikuwa mchoraji mwenzake, Anna Boch wa Ubelgiji. Faraja gani hiyo? Kwanza, Anna Boch kwao walikuwa na mali. Wachoraji wenzangu wa hapa Nakuru nawajua, wakija kwangu wamekuja kuazima brashi. Pili, van Gogh alikuwa na ndugu, Theo, aliyemtumia pesa miaka na miaka. Mimi ndugu yangu hunitumia "tafadhali nipigie".

Jana jioni nikapita kwa Mama Atieno, mama mboga wetu. Nilikuwa nimechora kibanda chake siku moja flamingo wameniudhi: nyanya kwa mafungu ya manne manne, sukuma amezinyunyizia maji, yeye mwenyewe ameinama anakatakata, kisu hakionekani kwa kasi. Nikamwambia chukua, zawadi.

Akafuta mikono kwenye leso, akarudi nyuma hatua mbili, akanyamaza. Mama Atieno kunyamaza ni habari.

"Bure sitaki," akasema. "Ukinipa bure utanikopa sukuma mpaka Krismasi na nitashindwa kukudai. Pesa nayo sina. Nitakupa mboga ya wiki mbili, tumemalizana."

Tukakubaliana. Nilitembea nyumbani nimebeba sukuma, kifua mbele. Wiki mbili za mboga, nimeuza!

Leo asubuhi nimekwenda kuchukua fungu langu la pili. Picha haipo.

"Niliitundika hapo kwa msumari," akasema bila kuinua uso kwenye sukuma. "Akaja mama mmoja na gari, akaanza kunibembeleza. Nikamwambia hiyo haiuzwi, hiyo ni mimi. Akafika 2,500. Kwa 2,500 mimi ni nani?"

Nikamtazama. Akaniongezea kitunguu. Nikaendelea kumtazama. Akaongeza cha pili, kidogo kuliko cha kwanza.

"Nichoree nyingine," akasema. "Lakini nyanya uzifanye kubwa kidogo. Na ile leso ilinikondesha, nivalishe ile ya kijani."

Nimefika nyumbani, Mama Njeri ameuliza picha zimebaki ngapi chini ya kitanda. Nimemwambia 23. Ameuliza zile nyanya ninazozichora hapa mezani ni za nani. Nimempa vitunguu akatakatie mboga, nami naitafuta rangi ya kijani. Nadhani iko kwenye mkebe wa "Usikojoe Hapa".