Eli Manning: ushindi 117, vipigo 117

Mwanzoni mwa 2025 jina la Eli Manning lilifika kwa mara ya kwanza mbele ya wapiga kura wa Jumba la Mashujaa wa soka ya Marekani, wanakoenziwa wachezaji bora wa zamani, kule Canton, Ohio. Wakamwacha nje. Mashabiki bado wanabishana, na kwa kweli hakuna upande unaobwabwaja tu.

Wanaomkataa wanakuja na takwimu. Manning alikuwa kotabeki, yule anayepokea mpira shambulizi linapoanza na kuamua aurushe au amkabidhi mwenzake. Tangu 2004 hadi 2019 aliichezea timu moja tu, New York Giants. Katika mechi za msimu wa kawaida alizoanza, alishinda 117 na kupoteza 117. Pasi zake 244 zilinaswa na wapinzani, na kuna misimu mitatu ambayo hakuna aliyempita ligi nzima kwa balaa hilo. Mwaka 2013 peke yake zilinaswa 27!

Halafu tazama mtoano. Aliingia mara sita, mara nne akang'olewa mechi ya kwanza tu. Mara mbili zilizobaki alibeba kombe, na zote mbili aliwafunga New England Patriots wa kotabeki Tom Brady, akachaguliwa mchezaji bora wa fainali.

Fainali ya Februari 2008 ndiyo inayozungumzwa zaidi. Patriots walikuwa wameshinda mechi 18 bila kufungwa. Zimebaki sekunde 75, Giants wako nyuma, mabeki wamemshika Manning jezi. Akachomoka, akaurusha mpira katikati ya uwanja, mwenzake David Tyree akaudaka na kuubana kwenye helmeti yake huku anaanguka. Muda mfupi baadaye Plaxico Burress akafunga: 17-14. Ni bahati, wanasema wanaomkataa, na safu ya ulinzi ndiyo iliyowabana Patriots wasipate zaidi ya pointi 14. Hilo la ulinzi nalikubali kabisa.

Ila bahati haielezi fainali ya 2012, tena dhidi ya Patriots. Pasi ya yadi 38 kwa mwenzake Mario Manningham, pembeni kabisa mwa mstari, katikati ya mabeki wawili, dakika za mwisho tena. Ule ulikuwa ufundi mtupu. Msimu huo Manning alikuwa ameweka rekodi ya pasi 15 za kufunga katika robo ya nne, yaani ya mwisho, ya mechi.

Linganisha na Philip Rivers, waliyebadilishana timu siku ile ile timu zilipochagua wachezaji wapya mwaka 2004. Rivers ana yadi nyingi zaidi za pasi na pasi nyingi zaidi za kufunga, lakini fainali hakuwahi kuigusa. Ni nani kati yao angekubali kubadilishana tena?

Ningekuwa na kura, Manning ningempa. Lakini aliyemnyima mwaka wa kwanza simlaumu: baada ya kombe la pili alicheza misimu minane mingine, akauona mtoano mara moja, na akatolewa mechi ile ile ya kwanza.