Siku Niliyoipima Nyama Homa

Muuza bucha aliniuliza swali ambalo kila mtu wa Dar ameshaulizwa: "Steki au mchanganyiko?"

"Steki," nikajibu kwa kujiamini. "Kilo moja."

Wiki nzima nilikuwa nakesha na simu nikitazama wanaume wa Kimarekani wenye ndevu wakikaanga steki. Kwa hiyo neno lile liliponitoka mdomoni, kichwani niliona pande moja la nyama, nene kama tofali, nje limekaangika likawa kahawia, ndani limebaki na rangi ya waridi. Mwenzangu aliona anachokiona kila siku, yaani mnofu usio na mfupa. Kabla sijafungua simu nimwonyeshe picha, panga lilishapita. Vipande vya kutosha pilau la msiba.

"Kaka, sio hivyo! Nilitaka steki!"

Akaangalia mizani, akaniangalia mimi. "Sasa hii ni nini?"

"Steki ya kipande kizima. Unene wa vidole viwili. Haikatwikatwi."

"Ahaa. Kwa hiyo wewe hutaki steki."

Tulielewana baadaye kidogo. Kumbe nilichokuwa nakitaka ni sarara, ile nyama laini ya mgongoni, ambayo watu wa hoteli huwa wanaiwahi alfajiri. Ilikuwa imebaki moja nyuma ya maini. Nikaikata mwenyewe kwa kidole hewani, yeye akaifuatisha kwa kisu: vipande vitatu. Ile kilo ya kwanza ikabidi niilipie vilevile, maana nyama iliyokatwa hairudi kwa ng'ombe. Nikaondoka na mifuko miwili na mfuko wa fedha umelala.

Niseme sababu ya yote haya. Wakwe walikuwa wanakuja kutoka Morogoro. Mama mkwe ni mama wa kawaida, mpole, haongei sana. Baba mkwe ni mkaguzi wa nyama mstaafu. Miaka zaidi ya thelathini amesimama machinjioni na gambuti zake, kisu mkono mmoja, muhuri mkono wa pili. Nikajiambia, mtu aliyeshika nyama maisha yake yote ndiye atakayeielewa steki. Nikiwaza leo, ilikuwa sawa na kumwalika trafiki nyumbani ili umwonyeshe unavyokata kona.

Kipande cha kwanza nilikijaribu mchana, mke wangu alipotoka kwenda kuwapokea wazee stendi ya Mbezi. Kikaango, mafuta, dakika tatu upande huu, dakika tatu upande ule, kikapumzika kwenye sahani dakika tano kama wale wenye ndevu wanavyoagiza. Nikakata, nikatia mdomoni. Nikatafuna. Taarifa ya habari ya saa saba ikaanza nikitafuna, ikafika kwenye michezo nikiwa bado natafuna, hali ya hewa ikanikuta nimekitoa nimekificha kwenye tishu.

Hapo ndipo nilipogundua wenye ndevu hawakuniambia kitu. Nyama yao huning'inizwa kwenye baridi wiki mbili, tatu, hata nne, ilainike yenyewe ndipo ifike dukani. Yetu inachinjwa Vingunguti usiku, asubuhi iko kwenye ndoano ya bucha, mchana iko kwenye taya zako. Na yule ng'ombe mwenyewe ni wa asili, mwenye nundu, aliyezunguka porini akitafuta majani mpaka miguu ikawa ya mwanariadha. Huyo hakutaka dakika sita. Alitaka mazungumzo marefu.

Basi nikahamia njia ya pili, ile ya kuipika nyama taratibu ndani ya mfuko kwenye maji ya uvuguvugu mkali, nyuzi kama 55 hivi, halafu unaichoma juu juu mwishoni. Wenzetu wana mashine ya kazi hiyo. Mimi nina hotipoti. Nawaapia, hesabu yangu ilikuwa safi: lita mbili za maji yanayochemka, nyuzi 100, changanya na lita mbili za bombani, ambayo kwa Dar hii ni kama 28, unapata 64. Ukitumbukiza nyama inashuka kidogo, unafika pale pale. Mwalimu wangu wa fizikia angelia machozi ya furaha.

Mfuko ndio ulinisumbua. Mifuko ya plastiki ilishapigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, na nyumbani kwetu tulitii mpaka tukapitiliza. Nikapekua, nikapata mmoja wa zipu uliokuja na soksi za shule za mwanangu Neema. Ulikuwa safi. Nausafisha tena hapa kwa maneno, ulikuwa safi kabisa.

Sasa nitajuaje joto la ndani ya nyama? Kipimajoto cha jikoni sina. Kabatini kulikuwa na kile cha homa cha mtoto, cha kidijitali, kina kifuko chake chenye picha ya sungura. Nikaangalia kulia, nikaangalia kushoto. Baada ya saa moja nikafungua zipu, nikakichomeka. Kikalia pii pii pii, kikaandika herufi moja tu: H. Vile vipimajoto vinaishia nyuzi 42 na ushee, mwanadamu haendi zaidi ya hapo akabaki wa kupimwa. Mimi wakati ule sikulijua hilo. Nikaamua H ni ya Hongera.

Halafu ikaja foleni. Mke wangu akapiga simu: basi limechelewa, na wao wamekwama Kimara. Nikawa nafungua hotipoti kila robo saa kuangalia mgonjwa wangu anaendeleaje. Kila nikifungua, joto linatoka. Wageni walipobisha hodi zilikuwa zimepita saa tatu na maji yamebaki ya kumwogeshea mtoto.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba, baba Neema. Mbona umevaa kanga?"

Nilikuwa nimejifunga kanga ya mke wangu kama aproni. Nikacheka, wakacheka, mke wangu hakucheka. Akampeleka Neema kuoga, baba mkwe akatoka uani kunyoosha miguu, mimi nikarudi mbio jikoni.

Kwetu mkwe na mama mkwe kukaa kochi moja tu ni mtihani. Kwa hiyo nilivyosikia kandambili nyuma yangu nikaganda. Nimeinama juu ya hotipoti, kanga kiunoni, kipimajoto cha sungura kimesimama wima kwenye nyama ya kijivu kama soli iliyokaa mvuani. Kikalia pii pii pii. Safari hii kilikuwa na jibu: 40.6.

Mama akachungulia.

"Nani anaumwa, baba?"

"Nyama, mama."

Akatikisa kichwa taratibu, vile wanavyotikisa wodini. "Homa kali," akasema, akaondoka kwenda kuketi.

Nikafuta kipimajoto na kukirudisha kwa sungura. Kazi iliyobaki ilikuwa kuichoma nyama ipate ule ukahawia, na hapo nilikuwa nimesoma vizuri. Mkemia wa Kifaransa, Louis-Camille Maillard, ndiye aliyeeleza mwaka 1912 kinachotokea protini na sukari zikikutana na moto mkali. Ule ukahawia na ile harufu inayomfanya jirani akukumbuke huanza kuja kwa kasi kwenye nyuzi 140 hivi. Lakini nyama ikiwa na maji juu haivuki 100 mpaka yale maji yaishe. Kwa hiyo unaikausha kwanza. Nikaikausha kwa tishu ya chooni. Tishu ikang'ang'ania. Nyama yangu ikaota ndevu nyeupe, ikafanana kidogo na wale walimu wangu wa kwenye simu.

Kikaango kilikuwa bado kichafu cha mchana, nikachukua chuma cha chapati cha mke wangu. Chuma kile kina miaka tisa, cheusi, kinang'aa kwa mafuta ya chapati zote alizowahi kupika. Na mimi kwa usafi wangu, nikakisugua kwanza kwa sabuni na stilwaya mpaka kikawa cheupe. Hilo ndilo kosa ambalo mpaka leo halijasamehewa, hata lile la moto lilishasahaulika.

Nikakibandika kwenye gesi, nikaongeza moto wote. Kilipoanza kutoa moshi nikaweka nyama, nikaweka kitunguu saumu, nikaweka kipande kikubwa cha siagi, ili niimwagie kwa kijiko ile siagi iliyoyeyuka, kama wanavyofanya.

Chuma cha chapati hakina ukingo.

Niliiona siagi ikiyeyuka, ikatandaa, ikafika mwisho wa chuma, ikachungulia chini. Ikashuka. Moto ukapanda kwa sauti, fuuu, ukafika usawa wa nyusi zangu. Nje mtu akapiga kelele "Gesi! Gesi!" Kijana wa chumba cha pili akaingia na ndoo ya maji imejaa, mbio, macho yamemtoka.

Mama mkwe alikuwa ameshasimama mlangoni. Akanyoosha mkono mmoja, akamzuia yule kijana kifuani. "Mafuta hayazimwi kwa maji, mwanangu." Mkono wa pili ukazima gesi, ukachukua mfuniko wa sufuria la wali, ukafunika chuma, nyama, moto na aibu yangu kwa pamoja. Kimya. Halafu akainua kitambaa chake cha kichwani, akajifuta jasho, akauliza kama nina nyama nyingine.

Ninayo! Nilikuwa na kipande cha tatu, kile nilichokitegemea kunikomboa. Kilikuwa uani kwenye jiko la mkaa, tena kimelazwa moja kwa moja juu ya makaa bila wavu. Msinicheke, Rais Eisenhower wa Marekani alikuwa akipika steki zake hivyo hivyo. Makaa yakiwa mekundu sawasawa, unapuliza majivu, unatupa nyama, na majivu yanayobaki unayapangusa tu.

Nikatoka uani. Kwenye jiko la mkaa, juu ya makaa, hapakuwa na kitu. Baba mkwe alikuwa amechuchumaa bombani, koleo mkononi, maji yanatiririka.

"Mwanangu," akasema kwa sauti ya mtu aliyewahi ajali, "nyama yako ilikuwa imeanguka motoni. Nimeiokoa."

Alikuwa ameiosha. Ameikamua. Ameiosha tena. Nikamwambia ahsante sana baba. Ningesema nini?

Mezani kikabaki kile kipande cha hotipoti, upande mmoja mweusi, upande mwingine na ndevu. Nikakiweka mbele ya mzee. Hakuchukua uma. Alinyoosha kidole gumba akakibonyeza, akanusa, akachukua kisu akakichanja kwa mshazari, mara moja, mara mbili, akaifungua ile michanjo kwa ncha ya kisu na kuinamia kama anasoma maandishi madogo. Meza nzima ikawa machinjio. Mimi nikahisi najipanga foleni ya kuchinjwa.

"Baba, hiyo nyekundu si damu," nikawahi. "Ni protini ya kwenye msuli, inaitwa..."

"Maioglobini," akasema bila kuinua kichwa. "Damu inatoka machinjioni. Hilo halinisumbui." Akaendelea kutazama. "Kichwa chake ulikiona?"

"Kichwa cha nani, baba?"

"Cha ng'ombe. Mabuu ya mnyoo wa tegu yanakaa kwenye mashavu. Mashavu, ulimi, moyo. Ndiko tunakochanja kwanza. Mimi nyama ambayo mashavu yake sijayaona, siili ikiwa hivi." Akafuta kisu kwenye tishu. "Muhuri uliuona?"

Nikamkumbuka yule ng'ombe wa buchani. Niliona bei, niliona maini, niliona panga. Muhuri sikuuona.

"Na hii imekaa kwenye maji saa ngapi?"

"Tatu, baba."

"Ya joto gani?"

Nikamtazama mama mkwe. Mama mkwe akatazama dari.

"Ya... kiasi," nikasema.

Mzee akaisukuma sahani pembeni kwa kidole kimoja, taratibu, kama anavyosukuma mtu aliyezoea kukataa mizoga mizima bila ugomvi. Wakati huo huo mama akatokea na sufuria. Ile kilo ya kwanza, iliyokatwakatwa, alikuwa ameikuta kwenye friji. Hatukumwona alipoibandika. Alikuwa ameitia papai bichi lililokwanguliwa, tangawizi, nyanya, na ikachemka wakati sisi tunazunguka na ndoo. Ilikatika kwa kijiko. Mzee alikula sahani mbili, akauliza hii nzuri imetoka bucha gani.

"Hii ndiyo steki," nikamjibu.

Jumapili chapati zote zilishika kwenye chuma. Jumapili iliyofuata nazo zikashika. Lakini suala la kipimajoto mama mkwe alinitunzia, aliondoka nalo mpaka Morogoro, na mimi nilikuwa nimekiosha kwa sabuni mara mbili na spiriti mara moja.

Jumatano usiku Neema akaamka anachemka. Mke wangu akawasha taa, akafungua kabati, akamchomoa sungura, akamwekea mtoto kwapani. Tukasubiri. Pii pii pii.

"Thelathini na nane," mke wangu akasema.

Neema akanusa, akanusa tena, akafungua jicho moja.

"Mama, mbona kwapa langu linanukia mishkaki?"