Kila Dola ya Wingu Iwe na Mwenyewe

Katika kampuni moja niliyowahi kuifanyia kazi, hifadhidata ya majaribio iliendelea kulipiwa kwa miezi 14 baada ya mradi wake kufungwa. Haikuwa imefichwa. Kila mwezi ilionekana kwenye ankara, mstari mmoja kati ya maelfu, na kila mwezi mhasibu aliuliza ni ya nani. Aliyeianzisha alikuwa ameshaacha kazi, na wahandisi waliobaki walijua tu kwamba haikuwa yao. Hata hivyo hakuna aliyethubutu kuifuta, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuapa kwamba hapakuwa na mfumo unaoitegemea. Hatimaye tulihifadhi nakala rudufu, tukaisimamisha, tukasubiri wiki moja, na hakuna mtu hata mmoja aliyepiga simu.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika huduma za wingu, yaani kompyuta na hifadhi za data zinazokodishwa kupitia intaneti, daftari lipo, tena nene kupita kiasi, kwa kuwa Amazon Web Services, tawi la Amazon linalokodisha huduma hizo, hutoa ripoti ya matumizi inayoonyesha kila rasilimali kwa kila saa iliyotumika. Kinachokosekana ni jina la mwenye mali. Ndiyo maana ninaamini kwamba shirika linalotaka kudhibiti gharama za wingu lisianze na kupunguza, bali lianze na kugawa: kila dola ijulikane imetumiwa na timu gani, kwa huduma gani. Agizo la mkurugenzi la kupunguza ankara kwa asilimia fulani, likitolewa kabla ya kazi hiyo, huwaangukia wale ambao matumizi yao yanaonekana kwa urahisi, ilhali matumizi yasiyo na mwenyewe husalimika.

Zamani seva mpya ilipitia meza nyingi kabla ya kufika: ombi la mkuu wa idara, bei kutoka kwa wauzaji kadhaa, sahihi ya idara ya fedha, hati ya ununuzi, na mwishowe namba ya mali iliyobandikwa ubavuni mwa mashine yenyewe. Tangu Amazon ilipoanza kukodisha seva pepe (seva za kiprogramu ndani ya mashine zake) kwa huduma ya EC2 mwaka 2006, mhandisi anaweza kupata mashine kwa dakika chache bila kumwomba mtu ruhusa. Mamlaka ya kutumia fedha yalihama kutoka ofisi ya manunuzi hadi kwenye kompyuta ya mhandisi, lakini taratibu za uhasibu hazikuhama pamoja nayo. Lebo za kidijitali tunazobandika kwenye rasilimali za wingu ndizo namba za mali za siku hizi, na zinastahili kuchukuliwa kwa uzito uleule.

Nasisitiza kwamba lebo ibandikwe siku rasilimali inapoundwa. Kwenye Amazon haitoshi kuibandika tu. Mwenye akaunti kuu ya malipo hana budi kuiwezesha katika sehemu ya bili ndipo ianze kuonekana kwenye ripoti za gharama. Tangu Machi 2024 inawezekana kuomba uwezeshaji huo urudi nyuma hadi miezi 12, lakini hufaa tu kwa lebo ambazo zilikuwa zimeshabandikwa wakati huo. Rasilimali iliyokaa bila lebo hubaki bila mwenyewe katika miezi hiyo. Herufi nazo zina maana, kwani "Timu" na "timu" huhesabiwa kuwa lebo mbili tofauti, na shirika lisilokubaliana juu ya tahajia hupata ripoti yenye timu moja iliyogawanyika vipande vitatu. Kwa hiyo programu inayoandaa miundombinu, kwa mfano Terraform, iwekewe kanuni ya kukataa kuunda chochote kisicho na lebo.

Lebo zenyewe ziwe chache. Mimi hupendekeza tatu: timu, huduma na mazingira, yaani kama ni ya wateja au ya majaribio. Jina la mtu binafsi lisitumike kama mwenyewe, kwa sababu mtu huhama, na hifadhidata niliyoitaja hapo juu ndiyo matokeo yake. Namba ya kituo cha gharama, yaani ile ambayo wahasibu hutumia kujua idara inayobeba gharama, pia isiandikwe kwenye lebo. Ihifadhiwe katika jedwali tofauti linalounganisha timu na idara, ili muundo wa shirika ukibadilika, kama unavyobadilika karibu kila mwaka, jedwali moja tu lirekebishwe badala ya maelfu ya rasilimali. Pale inapowezekana, kila timu ipewe akaunti yake chini ya akaunti kuu, kwa kuwa hata kitu kilichosahauliwa kubandikwa lebo hakiwezi kukosa akaunti.

Ugumu wa kweli unaanza kwenye gharama za pamoja. Aliyewahi kupanga nyumba Dar es Salaam yenye mita moja ya LUKU, umeme unaolipiwa kabla ya kutumiwa, anaujua mgogoro huu: mwenye friji na mwenye taa moja wakichanga sawa, mwenye taa anaonewa, na mwenye friji hana sababu ya kuizima. Mashirika mengi hufanya hivyohivyo. Huchukua gharama za pamoja na kuzigawa sawasawa kwa timu zote, au kwa idadi ya wafanyakazi. Naupinga utaratibu huo, kwa sababu unavunja kabisa uhusiano kati ya tendo na gharama yake.

Chukua lango la NAT, ambalo seva za ndani hulitumia kufika kwenye intaneti. Katika vituo vya Amazon vya Virginia, bei yake imekuwa dola 0.045 kwa saa, na kiasi hichohicho tena kwa kila gigabaiti inayopita. Lango lisilopitisha chochote hugharimu takriban dola 33 kwa mwezi, lakini huduma moja inayopakua mafaili makubwa usiku kucha inaweza kuzidisha kiasi hicho mara nyingi, na ankara yote ikaandikwa kwa timu ya mtandao, ambayo kosa lake ni kumiliki lango tu. Kumbukumbu za trafiki zinaonyesha ni seva zipi zilizopitisha data hizo. Gharama igawanywe kwa gigabaiti, na ada ya saa pekee ndiyo ichangiwe na wote.

Vivyo hivyo kwa klasta ya Kubernetes, yaani kundi la mashine za pamoja ambamo timu kumi zinaendesha kontena zao, vifurushi vya programu. Timu inayoomba prosesa 4 na kutumia nusu ya prosesa imewazuia wengine kuzitumia zile zilizobaki, kwa hiyo nashauri itozwe kwa kile kilicho kikubwa kati ya ilichoomba na ilichotumia. Nimeshuhudia maombi yakipunguzwa ndani ya wiki chache baada ya kanuni hiyo kutangazwa, bila kikao chochote. Punguzo linalotokana na ahadi ya matumizi ya mwaka 1 au miaka 3 nalo lisiachwe liangukie timu kwa bahati, kwa kuwa mfumo wa bili huweza kulielekeza kwenye mashine za timu moja na kuziacha za jirani zikilipiwa bei kamili. Linunuliwe na ofisi moja, kisha faida yake isambazwe kwa uwiano.

Kwa sisi tunaolipa kwa dola na kuandaa bajeti kwa shilingi, lipo jambo jingine ambalo miongozo ya Marekani haina sababu ya kulitaja. Mwezi Januari 2024 dola moja ilifika takriban shilingi 160 za Kenya, na kufikia katikati ya mwaka huo ilikuwa karibu shilingi 129. Ankara ya dola 10,000 ilishuka kutoka shilingi 1,600,000 hadi 1,290,000 bila mhandisi yeyote kuzima hata seva moja. Timu iliyozembea ilionekana imeokoa karibu asilimia 19, na mwaka ambao shilingi inadhoofika, timu iliyofanya kazi kwa bidii huonekana imefuja. Wahandisi wapimwe kwa dola, au bora zaidi kwa gharama ya kila muamala au kila mteja, na tofauti ya ubadilishaji wa fedha ibebwe na idara ya fedha katika mstari wake yenyewe.

Kuhusu kutoza bajeti za idara moja kwa moja, nashauri subira. Kwanza timu zionyeshwe gharama zao kwa miezi mitatu au minne, zipewe nafasi ya kupinga mgao, na makosa yasahihishwe hadharani. Mkuu wa idara aliyekatwa fedha kwa hesabu yenye kosa hataiamini ripoti inayofuata hata ikiwa sahihi. Katika kipindi hicho, kiasi kilichobaki bila mwenyewe kiandikwe kwa jina la mkuu wa teknolojia wa shirika, kiwekwe mstari wa kwanza wa ripoti, na yeye ndiye aulizwe habari zake kila mwezi.